Preacher: Mhubiri Anayemsaka Mungu, na Kama Safari Yake Inastahili Muda Wako

Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Preacher yumo muumini mmoja, Ted, ambaye kila mara humwendea mchungaji wake na malalamiko yaleyale: mama yake mzazi humpigia simu na kumsema vibaya, naye hana ujasiri wa kumjibu. Mchungaji, ambaye amechoka na ambaye tayari amekata shauri kuuacha uchungaji, anamjibu kama wachungaji wengi wangemjibu: awe jasiri, amweleze mama ukweli, amfungulie moyo wake. Ted anaondoka, anasafiri mpaka Florida, anaingia katika nyumba ya wazee anakotunzwa mama yake, anamwambia yote yaliyomkaa kifuani kwa miaka, kisha anashika kisu na kuufungua moyo wake kweli, kwa maana halisi ya maneno hayo, mbele ya macho ya mama. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha tamthilia, nikakaa kimya kwa muda, halafu nikarudi nyuma hadi pale mchungaji anapotamka ushauri ule, kwa sababu nilitaka kusikia tena jinsi maneno ya kawaida kabisa yalivyogeuka kuwa amri ya kifo bila msemaji mwenyewe kujua.

Anayetaka kujua kama tamthilia hii inamfaa anaweza kujipima kwa tukio hilo peke yake. Ukiliona kuwa ni ukatili wa bure, basi zipo saa nyingi mbele zitakazokuchosha. Ukiona humo swali kuhusu nguvu ya neno, na kuhusu mtu aliyepewa sauti isiyoweza kukataliwa ilhali hajui watu watamwelewa vipi, basi utavumilia mengi, na nakuhakikishia kwamba yapo ya kuvumilia. Jibu langu ni kwamba Preacher inastahili kutazamwa, ingawa sehemu zake zote 43 hazina uzito mmoja, na katika yafuatayo nitajaribu kuonyesha ni wapi inapopaa na wapi inapokwenda mrama.

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na kituo cha AMC cha Marekani tarehe 22 Mei 2016 na kumalizika Septemba 2019, baada ya misimu minne. Walioihamishia kwenye televisheni ni Seth Rogen na Evan Goldberg, wanaojulikana zaidi kwa filamu za vichekesho, pamoja na Sam Catlin, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa tamthilia ya Breaking Bad, ambaye ndiye aliyeshika hatamu za uandishi. Asili yake ni kitabu cha katuni cha jina hilohilo, kilichoandikwa na Garth Ennis, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, na kuchorwa na Steve Dillon, Mwingereza, na kuchapishwa na Vertigo, tawi la kampuni ya DC Comics lililotoa kazi za wasomaji watu wazima, kwa matoleo 66 kati ya mwaka 1995 na 2000. Dillon alifariki Oktoba 2016, miezi michache tu baada ya michoro yake kuanza kutembea kwenye skrini. Kabla ya tamthilia hii wengi waliamini kwamba kitabu hicho hakihamishiki: kituo cha HBO kilijaribu kikaacha, na mipango ya kuifanya filamu ya sinema ikafa mmoja baada ya mwingine. Kusita kwao kunaeleweka, kwa sababu kitabu chenyewe kinadhihaki dini, kinamwaga damu kwa ndoo, na kinawapa nafasi ya mbele wahusika ambao wazalishaji wa televisheni kwa kawaida huwakwepa.

Kisa kiko hivi. Jesse Custer, mhalifu wa zamani, amerudi katika mji mdogo wa Annville huko Texas kuliongoza kanisa lililokuwa la baba yake, kwa sababu ya ahadi aliyomwekea baba huyo kabla hajauawa. Hajui kuhubiri, waumini wake wanasinzia, na yeye mwenyewe hana uhakika na anachokisema madhabahuni. Wakati huohuo kuna kiumbe kimetoroka mbinguni, kinachoitwa Genesis, mtoto aliyezaliwa na malaika na pepo, kitu ambacho hakikupaswa kuwako. Kinaruka kutoka mhubiri hadi mhubiri kikitafuta mwili wa kukaa, kikianza na mchungaji wa Kiafrika kisha kuhani wa ibada za kishetani huko Urusi, na kila anayeingiwa nacho analipuka vipande vipande. Kinapomfikia Jesse kinatulia. Tangu hapo, akiamua kuitumia sauti ile, kila anayeisikia hutii. Pamoja naye wapo Tulip O'Hare, mpenzi wake wa tangu utotoni na mwenzake katika uhalifu, na Cassidy, mnyonya damu wa Kiayalandi mwenye umri wa miaka 119, ambaye anapenda pombe, madawa na porojo kuliko anavyopenda damu. Baadaye wanagundua kwamba Mungu ameondoka katika kiti chake na hakuna anayejua alikokwenda, na Jesse anaamua kumtafuta ili ajieleze.

Najua kwamba msomaji mwenye imani ameshakunja uso hapa, na sitaki kulipita jambo hili haraka, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa ibada na niliisogelea tamthilia hii kwa hofu. Kufuru imo, tena tele. Malaika wawili wanajificha katika chumba cha moteli kama wafanyabiashara waliofilisika. Simu ya kuwasiliana na mbinguni ipo, ila haifanyi kazi bila mkono wa malaika, na yanayofanywa ili kuupata mkono huo siwezi kuyaeleza kwa adabu. Upo ukoo uliotunzwa kwa siri kwa karne nyingi ukidaiwa kushuka kutoka kwa Yesu, na hali ya mrithi wa mwisho wa ukoo huo itawaudhi watu wengi sana. Siwezi kumwambia mtu kwamba haipaswi kumuudhi. Ninachoweza kusema ni kwamba niliitazama mpaka mwisho na sikuona humo chuki dhidi ya watu wanaosali. Hasira ya tamthilia imeelekezwa kwa wale wanaotumia jina la Mungu kuwatawala wengine, na zaidi ya hao, kwa dhana ya Mungu anayetaka kupendwa lakini hataki kuulizwa. Hilo la pili ni zito, na mwenye imani ana haki ya kulipinga, lakini ni hoja iliyojengwa, yenye mwanzo na mwendelezo, si matusi yaliyorushwa ili kuvuta macho.

Mfano bora wa ujenzi huo ni Odin Quincannon, mwenye machinjio yanayoulisha mji mzima wa Annville, anayechezwa na Jackie Earle Haley. Jesse anamleta kanisani mbele ya watu wote na kwa sauti ile anamwamuru amtumikie Mungu. Quincannon anakubali, waumini wanashangilia, na Jesse anajiona ameshinda. Siku chache baadaye mtu huyohuyo anawaua kwa bunduki wageni waliokuja ofisini kwake kwa mazungumzo ya biashara. Jesse anachanganyikiwa, kwa sababu sauti haijawahi kushindwa. Ukweli ni kwamba haikushindwa: Quincannon anamtumikia mungu, ila mungu wake ni nyama. Tunaonyeshwa alivyofika hapo. Miaka mingi nyuma familia yake yote ilikufa kwa ajali, naye akamwita mchungaji, baba yake Jesse, ofisini, akamwekea mbele matumbo mawili, moja la binti yake na moja la ng'ombe, akamtaka aonyeshe lipi ni la binti na lipi ni la mnyama, na kama tofauti haionekani basi akiri kwamba roho haipo. Ni tukio la kutisha kulitazama. Hata hivyo, ndani ya dakika hizo chache nilimwelewa adui huyu kuliko ninavyowaelewa maadui wengi wa tamthilia za mashujaa wanaotaka kuuangamiza ulimwengu bila sababu ya maana: ni mfiwa aliyetafuta faraja, akakosa, akajengea mji mzima juu ya kukosa kwake.

Uzito wa namna hiyo unarudi tena kwa Eugene, kijana wa mkuu wa polisi, ambaye uso wake umeharibika kwa risasi na ambaye mji mzima unamchukia kwa kosa analohesabiwa. Ian Colletti anamcheza akiwa na bandia ya uso inayomfanya asisikike vizuri, hata maneno yake yanahitaji maandishi chini ya skrini, lakini macho yake yanasema yote. Katika kitabu cha Ennis na Dillon mhusika huyu alikuwa zaidi kichekesho. Hapa amegeuzwa kuwa mtu mwema kuliko wote, muumini wa kweli pekee wa kanisa lile. Eugene ndiye anayemwonya Jesse kwamba kuwalazimisha watu wawe wema ni kudanganya, na kwamba Mungu mwenyewe aliwaachia watu hiari. Jesse, akiwa amekasirika, anamjibu kwa tusi la kawaida la Wamarekani la kumwambia mtu aende Jehanamu, na sauti ile inatoka bila kukusudiwa. Eugene anatoweka papo hapo. Sakafu ni tupu. Nadhani hakuna tukio katika misimu yote minne linaloieleza hatari ya Genesis kwa ufupi kama hilo, na kuanzia hapo Jesse anabeba deni ambalo tamthilia hailisahau.

Baada ya kusifu hivyo, lazima niseme wazi kasoro kubwa ya msimu wa kwanza, maana ndiyo inayowafanya watu wengi kuiacha njiani. Katika kitabu, Genesis inamwingia Jesse mwanzoni mwa toleo la kwanza, kanisa zima linaangamia, na safari inaanza mara moja. Msomaji hapewi nafasi ya kupumua. Kwenye televisheni waandishi waliamua kukaa Annville kwa sehemu zote kumi, wakitujengea mji, machinjio, meya, dereva wa basi la shule, na mama mjane anayepiga kinanda kanisani. Baadhi ya haya yalilipa, kama nilivyoeleza. Mengine yanajikokota. Kuanzia sehemu ya pili hadi ya nne kuna mazungumzo mengi ya watu ambao hatujapewa sababu ya kuwajali, na kisa cha mpanda farasi wa mwaka 1881, anayeondoka nyumbani kutafuta dawa ya mtoto wake mgonjwa, kinakatiza kila kitu bila maelezo. Kisa hicho kinakuja kuunganishwa katika sehemu ya tisa, kwa namna ambayo sitaifichua, na muungano huo ni wa kipaji. Lakini mtazamaji ambaye hajasoma kitabu anaombwa asubiri muda mrefu mno kwa imani tupu. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiihukumu kabla ya kufika sehemu ya sita.

Sehemu hiyo ya sita ina pambano la moteli, na hapa naomba nikae kidogo. Kanuni ya malaika katika tamthilia hii ni kwamba akiuawa, anatokea tena papo hapo akiwa mzima mahali pa karibu, na maiti ya kwanza inabaki ilipoanguka. Kwa hiyo serafi, malaika wa cheo cha juu, anapokuja kuwarudisha mbinguni malaika wawili watoro, kumuua si suluhisho, ni kumpa mwili mpya. Njia ya kumshinda ni kumkamata akiwa hai. Kila mara Jesse na wenzake wanapojitetea kwa kuua, maiti inaongezeka, ya mwanamke yuleyule na ya wanaume walewale, mpaka chumba kimejaa miili inayofanana, kitandani, sakafuni, penye mlango wa choo. Kamera inabaki humo ndani, katika chumba chenye nafasi finyu, na ucheshi unatokana na hesabu yenyewe, maana kila juhudi ya kumaliza tatizo inalizidisha. Kisha linakuja tukio ambalo mwandishi mvivu angelikata: Jesse na Cassidy, wakiwa wamebaki na nguo za ndani, wanafua nguo zao zilizolowa damu na kuongea juu ya chale za kuchora walizo nazo mwilini. Hakuna linalotokea. Wanakuwa marafiki tu, na urafiki huo ndio unaoibeba tamthilia kwa misimu mitatu inayofuata.

Kuhusu waigizaji, sina budi kusema kwamba hata pale uandishi unapolegea, watatu hawa hawakuwahi kuniangusha. Joseph Gilgun, Mwingereza anayeigiza Mwayalandi, amemfanya Cassidy kuwa mtu ambaye ungemsamehe karibu chochote na ambaye usingemwachia pochi yako. Tunakutana naye ndani ya ndege binafsi, akiwahudumia abiria vinywaji, kabla ya kugundua kwamba abiria ni wawindaji wa wanyonya damu. Dakika chache baadaye anaruka kutoka angani, anaangukia shambani, matumbo yako nje, na anamvuta ng'ombe aliye karibu ili anywe damu apone. Ni utambulisho wa kuchekesha, lakini Gilgun anaweka chini ya kicheko huzuni ya mtu aliyewazika wote aliowapenda, na kadiri misimu inavyosonga huzuni hiyo inapanda juu.

Ruth Negga, ambaye mwaka uleule wa 2016 alionekana katika filamu ya Loving iliyomletea uteuzi wa tuzo ya Oscar, ni Tulip. Katika kitabu Tulip ni mwanamke Mzungu mwenye nywele za dhahabu. Kumpa nafasi hiyo Negga, aliyezaliwa Ethiopia kwa baba Mwethiopia na mama Mwayalandi, ni uamuzi ulioipa hadithi faida kubwa, kwa sababu Tulip wa televisheni amekuwa binti wa familia inayodharauliwa mjini, aliyelelewa katika nyumba ambayo watu waliipita wakitikisa vichwa. Anaingia kwenye hadithi akipigana ndani ya gari linalokwenda kasi katikati ya shamba la mahindi, halafu anawakuta watoto wawili, anawafundisha kutengeneza bazuka kwa makopo na vitu vya jikoni, anawaficha chini ya nyumba, na kuangusha helikopta. Negga anaongea na watoto wale kwa heshima kamili, kama mwalimu wa sayansi aliyependa somo lake, nawe unajikuta upande wake kabla hujajua jina lake. Dominic Cooper kama Jesse ana kazi ngumu kuliko wenzake, kwani lazima awe kiongozi, mwenye majivuno, mwenye kosa, na bado apendwe. Katika msimu wa kwanza nilimwona mzito kidogo. Kuanzia wa tatu, pale tunapopelekwa kwenye chimbuko la makovu yake, nilielewa kwamba uzito ule ulikuwa wa mtu anayejibana.

Msimu wa pili unafunguliwa kwa sehemu ambayo, kwa burudani tupu, ni bora kuliko zote. Watatu hao wako barabarani, wanaimba kwa sauti ndani ya gari huku polisi wakiwafukuza, petroli inaisha, na muda mfupi baadaye anatokea Mtakatifu wa Wauaji, mpanda farasi tuliyemwona awali, anayechezwa na Graham McTavish, ambaye risasi zake hazikosi na ambaye hana simile. Baada ya mauaji hayo Tulip anahitaji kuhamisha petroli kutoka gari moja hadi jingine, hana mpira, na anatumia utumbo wa mmoja wa waliokufa. Nimeandika sentensi hiyo kwa makusudi bila kuipamba, ili msomaji ajue kwa hakika ni tamthilia ya aina gani anayoiendea. Kuna pia ubunifu mzuri hapa: Mtakatifu wa Wauaji huisikia sauti ya Genesis kila inapotumika, hivyo Jesse hawezi kuitumia bila kumwita muuaji wake. Kwa hatua hiyo moja waandishi walitatua tatizo linalowasumbua watunzi wote wenye shujaa asiyeshindwa.

Lakini kisha wanafika New Orleans, na gari linazimwa. Msimu ulioahidi barabara unakaa katika nyumba moja kwa sehemu nyingi kati ya 13 zake, na utafutaji wa Mungu katika vilabu vya muziki wa jazi unageuka kuwa kuzungukazunguka. Nadhani idadi ya sehemu iliongezwa kuliko hadithi iliyokuwapo. Kinachouokoa msimu ni vitu viwili. Cha kwanza ni Pip Torrens kama Herr Starr, kigogo wa jumuiya ya siri inayojiita Grail, ambaye anatekeleza uovu kwa unadhifu wa karani aliyechoshwa na wajinga wanaomzunguka. Cha pili ni Jehanamu yenyewe, anakofungiwa Eugene, iliyochorwa kama gereza la zamani lenye mitambo inayoharibika, ambako kila mfungwa hurudishiwa kumbukumbu yake mbaya kuliko zote, tena na tena. Mmoja wa wafungwa wenzake ni Hitler. Nilihofia kwamba tamthilia ingemfanyia mzaha mwepesi, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo, lakini mwishowe wema wa Eugene unatumiwa na mtu yule kwa namna inayotukumbusha kwa nini huruma bila tahadhari ni hatari. Kama muda wako ni mfinyu, tazama sehemu nne za kwanza, kisha mbili za mwisho, na utakuwa umepoteza kidogo sana.

Msimu wa tatu ndio ningempa mtu asiyeamini kwamba tamthilia hii ina moyo. Jesse analazimika kurudi Angelville, shamba la Louisiana alikolelewa kwa mateso na bibi yake mzaa mama, Marie L'Angelle, mganga anayeuza hirizi na kufunga watu kwa viapo vya damu. Betty Buckley anamcheza bibi huyu bila kupaza sauti hata pale anapotisha zaidi. Anaomba chai, anamwita mjukuu kwa upole, anashika mkono wake, na mtazamaji anaona jinsi mwanamume aliyebeba sauti ya Mungu anavyorudi kuwa mtoto. Nyumba ina kuta zilizochakaa, ngazi zinazolia, na ukumbi wa chini walikokuwa wakipigana watu kwa kamari. Kwa kuwa sehemu zilirudi kuwa kumi na hadithi ina mahali pamoja na adui mmoja, hakuna kinacholegea. Dhihaka ya tamthilia inapata pia shabaha yake sahihi: upendo wa familia unaotumiwa kama mnyororo. Sambamba na hilo Cassidy anaangukia mikononi mwa kundi la vijana wa mjini wanaoona fahari kuwa wanyonya damu, na hadithi hiyo ya pembeni, ambayo ingeweza kuwa kijazio, inasema mengi kuhusu upweke wake.

Wa nne ulipigwa picha Australia, na mandhari yake ya jangwa ni ya kuvutia, lakini una haraka. Unabeba mwisho wa dunia, makao makuu ya Grail, vita ya Jesse na Mungu, na pembetatu ya mapenzi iliyokuwa ikipikwa tangu mwanzo, na mara kwa mara wahusika hutenganishwa ilhali nguvu yao iko katika kuwa pamoja. Hata hivyo swali lililoulizwa tangu mwanzo, yaani kama anayeumba ana haki ya kudai kupendwa, linajibiwa ana kwa ana, kwa maneno, baina ya watu wawili waliokaa. Ni tamthilia chache zenye fujo kiasi hiki zinazothubutu kumaliza kwa mazungumzo.

Wapo wanaokuja kwenye Preacher kutoka tamthilia ya The Boys, ambayo pia imetokana na kitabu cha Ennis na ambayo Rogen na Goldberg ni miongoni mwa wazalishaji wake. Hao wajiandae kwa mwendo tofauti. The Boys inakwenda mbio, na dhihaka yake ni ya siasa na makampuni. Preacher inakawia, inapenda ukimya kabla ya kipigo, na macho yake yako kwenye imani na hatia. Ningeshauri pia kwa dhati kwamba isitazamwe na watoto, wala na vijana wadogo hata wakiwa na mzazi: damu, viungo vilivyokatwa, lugha chafu, madawa ya kulevya na majaribio ya kujiua vimo katika kila msimu, na si kwa kudokezwa. Aliyefiwa karibuni, au aliye katika kipindi kigumu cha imani yake, huenda akaona ni busara kusubiri. Anayesoma katuni na kuogopa kwamba kitabu chake kimeharibiwa ajue kwamba matukio mengi yamebadilishwa, mpangilio umevunjwa, na Jesse wa televisheni ana mashaka mengi kuliko yule wa karatasi, lakini urafiki wa watu watatu uliokuwa mzizi wa kazi ya Ennis na Dillon umehifadhiwa kwa uaminifu.

Mimi nimeitazama mara mbili. Mara ya pili niliruka zile sehemu za New Orleans nilizozitaja, nikazitazama zilizobaki taratibu, moja kwa usiku, na nikagundua kwamba nilikuwa nikisubiri tukio moja kuliko mengine yote: dakika za mwisho kabisa za Cassidy, baada ya vita kwisha na miaka kupita. Sitasema anafanya nini. Yupo peke yake, kuna mwanga wa jua ambao ameukimbia maisha yake yote, na Gilgun hana haraka.